Ana, Jina la Neema

Wapendwa katika Bwana, juma hili usingizi umenipaa. Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani hapa Tukuyu baada ya kubatizwa mtoto aliyepewa jina la Ana, nilimgeukia dada mmoja ambaye ndoa yake ina miaka tisa bila mtoto, nikamwambia mbele ya akina mama, "Na wewe utatuletea wako lini?" Alitabasamu, akaanza kukunja upya kanga iliyokuwa imekwisha kukunjwa. Dada huyo naye anaitwa Ana.

Jina hili ni la Kiebrania, Hana, maana yake neema. Kwa Kilatini likaandikwa Anna, na Neema wetu ni wajina wao. Tangu Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, majina ya Biblia yameota mizizi katika milima hii, na hili limependwa mno. Mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, mwaka 2010, ni Anna Makinda, mzaliwa wa Njombe. Naye Luka anamtaja nabii Ana, binti Fanueli, mjane aliyedumu hekaluni akifunga na kuomba.

Lakini aliyenishika ni Hana, mkewe Elkana. Miaka yote nimesoma habari zake nikijiona upande wake, maana nami nilichelewa kupata mtoto na machozi yale nayajua. Safari hii nilipofungua Samweli wa Kwanza nilijikuta nimevaa sura ya Penina, mke mwenza aliyemchokoza Hana kwa kukosa mtoto. Ndugu zangu, tusidanganyane: sisi tuliojaliwa watoto ndio tunaowafanya dada zetu waogope sherehe za ubatizo, kisha tunasema tulikuwa tunatania. Elkana alimpa Hana fungu maradufu, lakini kwa uchokozi wa mwenzake hakula. Angalieni basi mstari wa 18 wa sura ya kwanza: baada ya kuomba, alikwenda zake akala, na huzuni ikamtoka usoni, ilhali mimba ya mwanawe Samweli ilikuwa bado. Neema ilimkuta mikono mitupu. Kwa nini basi tunamhesabia mwenzetu neema kwa idadi ya watoto, kana kwamba jina lake linangoja kuthibitishwa na tumbo lake?

Jumatano nilimwendea. Nilimkuta anachambua maharage, nikaomba msamaha bila kusoma mstari wowote. Alinyamaza kitambo, kisha akasogeza ungo katikati yetu, tukachambua pamoja mpaka giza likaingia. Nilipoinuka kuondoka, aliniomba tumwombee yule mtoto aliyebatizwa.