Pumba ukutani

Juzi fundi alikuwa anakandika banda la kuku. Ndoo tatu za udongo, moja ya pumba za mpunga, maji, kisha akaingia na miguu. Harufu ya lile tope ikanitupa Ajanta, kule India, kwenye mapango ya kale yenye picha ukutani.

Ulikuwa mwaka ule nilipokuwa Pune, mji wa India. Basi kutoka Aurangabad, kama kilomita 100, kisha kibasi, kisha ngazi. Bonde limejipinda kama kwato la farasi, Mto Waghora uko chini, na mapango kama 30 ya watawa wa Kibudha yamechongwa kwenye jabali. Mengi niliyapita mbio, viatu mkononi.

Nikagandia pango namba 17, mbele ya picha iliyobanduka. Watu wanatazama sura. Mimi nilitazama pale ilipovunjikia. Mwamba umeachwa na makovu ya patasi makusudi, maana tope halishiki palipo laini. Juu yake tabaka nene la udongo, nyasi na pumba. Kisha udongo laini zaidi, chokaa nyembamba kama ganda la yai, na mwisho rangi: ngeu, masizi, na buluu ya jiwe la lapisi lazuli. Rangi ilipakwa kwa gundi, lipu ikiwa imeshakauka, kwa hiyo haikuingia ndani ya chokaa. Ukipitisha kitambaa kibichi unaondoka nayo. Na kwenye kingo, punje za pumba zilionekana moja moja, kama zimekobolewa jana. Zina miaka 1,500.

Pumba ndizo zinazozuia tope kupasuka likinywea. Pumba hizohizo ndizo chakula cha wadudu. Maji nayo yakipenya nyufa za jabali, udongo unavimba na kuachia kwa nyuma, huku picha mbele inaonekana nzima. Mafundi wa Kiitalia walioletwa miaka ya 1920 walizipaka picha hizo sheleki, aina ya vanishi, ili zisibanduke, ikageuka njano. Kule Ellora, mapango mengine ya India, watafiti walikuta nyuzi za bangi kwenye lipu, na wakasema huenda ndizo zilizofukuza wadudu. Hiyo sikumwambia fundi.

Nilimwambia tu kwamba pumba zitaliwa na wadudu.

“Bosi, wadudu watazikuta wapi? Kuku watakuwa wameshadonoa zote.”

Akaongeza nusu ndoo.