Hela za jando zilivyomezwa na akaunti yangu

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mwaka 2019 nlikabidhiwa hela za jando, 420,000 taslimu, mama mdogo kazifunga kwenye pembe ya kanga akaja nazo mpaka dukani kwangu hapa Mtwara mjini, akafungua fundo mbele yangu akahesabu mara mbili. Watoto wenyewe wa dada yangu, wawili, na kwetu sisi mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, na mjomba wao ni mie. Mjomba wangu mimi, kaka yake mama, yupo Tandahimba na yeye ndo mwenye daftari la michango, kila aliyetoa kaandikwa, hata aliyetoa buku mbili. Kwa hiyo hela ilikuwa kwangu lakini macho yote yalikuwa Tandahimba.

Hilo jando lilikuwa lifanyike Desemba 2018, likaahirishwa sababu ya korosho. Waliokuwa kusini mwaka ule wanakumbuka. Msimu wa 2017 bei mnadani ilivuka 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki, wakapandisha nyumba, na mie duka langu la steshenari likachangamka, mafomu, vitabu vya risiti, wino, chama cha msingi kimoja cha huko juu, ushirika wa wakulima wa korosho, kikawa mteja wangu mkubwa. Wa 2018 mnada ulipoanza bei ikawa chini, wakulima wakagoma kuuza, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi litabeba. Bei nzuri tu. Ila malipo yakaja na uhakiki, kila mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba, maana walikuwa wanasakwa kangomba, wale wanaonunua korosho za watu kinyemela kwa bei ya kutupa wakulima wakiwa na shida. Wengine walikaa miezi na miezi hawajaiona hela. Mkulima hajalipwa, chama hakijapata ushuru wake, na mie mwenye karatasi zangu ninayekidai chama 1,140,000 nimekaa dukani naangalia barabara.

Sasa hela ya jando ntaiweka wapi? Nyumbani kwangu hela haikai, nasema ukweli, mteja akitaka chenji unachomoa, gesi ikiisha unachomoa, unasema ntarudisha jioni. Nkajiona mjanja, nkaenda kwa wakala wa benki jirani pale, nkaiweka yote kwenye akaunti ya duka. Ilikuwa akaunti ya karenti, ile yenye kitabu cha hundi, nliifungua 2017 sababu kile chama walitaka kulipa kwa jina la biashara na mie nlipenda kuwa mtu wa kuandika hundi. Miezi saba nlikuwa sijaigusa, biashara ilikuwa imelala na kidogo kilichopatikana kilipita kwenye simu. Nkasema humu hata mie mwenyewe sitaifikia. Wakala akanipa kikaratasi, nkakipiga picha nkamtumia mama mdogo, akajibu "Mungu akubariki mwanangu".

Wiki ya pili ya Juni, shule zimefungwa, Jumamosi, nkaenda ATM nitoe nikanunue mchele na mafuta kwa bei ya jumla. Nkabonyeza laki nne. Salio halitoshi. Nkajua mashine ndo mbovu, nkabonyeza tena, salio halitoshi. Nkauliza salio, ikasoma 265,250. Nkaona macho yangu, nkauliza mara ya pili, ikasoma 264,896. Yaani kuuliza kwenyewe kuna bei! Mama mmoja nyuma yangu ana mtoto mgongoni akasema "kaka kama haitoki tupishe na sisi tujaribu", nkapisha, nkasimama chini ya mwarobaini jasho linanitoka kama nimekimbizwa. Nlichowaza cha kwanza ni wizi. Nkampigia wakala kwa ukali kweli, maskini yule kijana, akanionyesha kumbukumbu zake, 420,000 iliingia yote.

Jumatatu saa mbili na nusu nipo mlangoni benki. Dada wa kasta kea akaingiza namba, akaangalia kioo, akaniangalia mie, akasema kwa upole, "Kaka, akaunti yako ilikuwa imeingia ovadrafti."

Nkamwambia dada yangu, ovadrafti si mkopo? Mie sijaomba mkopo hapa, sijasaini popote.

"Siyo ya kuomba. Ilishuka chini ya sifuri. Hela ilivyoingia ikalipa kwanza."

Sikuelewa na nlikuwa na hasira, na foleni ndefu nyuma. Nkaomba stetimenti, akachapa kurasa mbili, nazo zikakatwa hela hapo hapo kwenye akaunti, nkatoka nazo hata sijazikunja.

Pale Magomeni, hii ya hapa hapa Mtwara, yupo mzee mmoja alikuwa karani wa ushirika miaka mingi, alishastaafu, asubuhi anakaa barazani na redio yake. Nkamwamkia, nkampa zile karatasi. Hakuniuliza kitu, akaingia ndani akatoka na miwani, rula na penseli, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza akaanza kushuka. Mpaka leo nikishika stetimenti natafuta rula.

"Novemba ulikuwa na 31,400. Mwezi huo huo ikaletwa hundi yako ya laki sita. Ya nani?"

Nkasema ya duka la jumla la karatasi, nlichukua mzigo Oktoba nkaandika hundi ya tarehe ya mbele, nkijua chama kitakuwa kimeshanilipa. Hakikulipa, hundi ikarudi haijalipwa maana akaunti haina hela, tajiri akanipigia tukaelewana, nkamwambia ngoja wiki moja upeleke tena, akapeleka, ikarudi tena. Mwisho nkamlipa kidogo kidogo kwa simu mpaka ikaisha. Kwa hiyo hiyo ilishakwisha mzee.

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Kwa tajiri imekwisha. Benki je?"

Hapo ndo nlipojua ujinga wangu. Mie kichwani kwangu hundi kurudi ni kama barua kurudi, imekwenda haikupokelewa, imerudi, yamekwisha. Kumbe kila ikirudi kulikuwa na faini, elfu 40 na VAT asilimia 18 juu yake, 47,200. Ile ya kwanza ikala 31,400 yote ikanipeleka chini 15,800. Ya pili, ambayo nliisababisha mie mwenyewe kwa mdomo wangu, nkamwambia mtu apeleke hundi na hela sina, ikanifikisha chini 63,000. Mzee akasema hapo nishukuru yule tajiri ni muungwana, wapo waliofikishwa polisi kwa hundi isiyo na hela.

Halafu rula ikaendelea kushuka. Mwisho wa Novemba ada ya mwezi 11,800. Desemba 11,800. Januari 11,800. Akaunti imekaa kama nyumba isiyo na mtu lakini kodi inahesabiwa, miezi saba, 82,600, na juu yake riba ya kile nlichokuwa nadaiwa, vihela vidogo vidogo, elfu na kitu kila mwezi, jumla 9,150. Pembeni ya kila salio kulikuwa na herufi mbili, DR. Mzee akazizungushia penseli moja moja. "Ukiona hizi ujue mwenye hela siyo wewe tena, wewe ndo unadaiwa." Mstari wa mwisho kabla ya hela za jando ulisoma 154,750 DR.

Akaniuliza swali ambalo lilinichoma kuliko yote. "Meseji za benki hukuwa unapata?"

Sikuwa napata. Mwanzoni mwa 2018 nlikwenda mwenyewe kwa miguu yangu benki nkajaza fomu wazifute, sababu walikuwa wanakata vishilingi kila meseji na mie nkaona naibiwa. Nlijisifu dukani kabisa, nkawaambia wenzangu na nyie kazifuteni. Mzee hakucheka. Akachukua penseli nyuma ya karatasi akaanza kupiga hesabu ya hizo meseji kwa miezi saba, nkamwambia mzee acha tu, nimeelewa.

Akaniambia vitu viwili vitatu, anaongea huku anafunga redio na kambaa. Hundi usiandike kwa hela ya kesho, andika kwa hela iliyolala humo jana. Hela ya watu isilale chumba kimoja na hela yenye madeni, ifungulie akaunti yake ya akiba isiyo na ada ya mwezi. Na akaunti usiyoitumia usiitelekeze, kaifunge, maana kuitelekeza siyo kuifunga. Akasema pia niandike barua benki, niombe kwa heshima wanirudishie angalau kitu, "barua, siyo mdomo, mdomo hawaufungui faili".

Nliandika usiku ule ule, nakala mbili, moja wakaipiga muhuri wa kupokelewa nkabaki nayo. Ile laki mbili na kitu nkaitoa dirishani, nkajaza fomu ya kurudishiwa meseji, na nkafungua ya akiba kwa kitambulisho na shilingi elfu kumi. Ile ya karenti sikuifunga siku ile, nliambiwa barua ikijibiwa hela itarudi humo humo.

Sasa kazi ikawa Tandahimba. Kwenye simu sikuweza. Nkapanda gari asubuhi, barabara ile kipande cha kuja Mnivata walikuwa wanakitengeneza, vumbi mpaka kwenye meno, na huku juu mikorosho imesimama kijani pande zote na mie naifikiria kama ndo yenye makosa. Nikamkuta mjomba anatengeneza mpini wa jembe. Shikamoo mjomba, marahaba, akaita nipewe maji ninawe uso. Nkasimulia yote sikuficha, nikamwambia mpaka ya meseji.

Alinyamaza muda mrefu, anakwangua mpini. Halafu akasema, "Kwa hiyo walikuona una shida, wakakaa kimya, wakasubiri uvune, wakachukua kwanza wao."

Nkasema siyo hivyo hasa mjomba, ni makato, imeandikwa kwenye mkataba.

"Hiyo ni kangomba," akasema. "Ila wao wana kiyoyozi."

Nilicheka na machozi yananilenga. Kiukweli makosa yalikuwa yangu zaidi ya nusu, mkataba nliusaini bila kusoma hata ukurasa mmoja, lakini siku ile sikuona haja ya kumtetea mwenye kiyoyozi. Mjomba akaingia ndani akaleta daftari la michango, lile kubwa la kava gumu ambalo hata nlimpa mie bure dukani, akanipa peni akasema andika. Niandike nini? "Andika, benki, na hiyo hesabu yake, anadaiwa." Nkaandika chini ya jina la jirani aliyetoa elfu tano, Benki, 154,750, anadaiwa. Ya stetimenti na ya kuuliza salio sikuiandika, nliona aibu.

Pengo nliziba mie, mjomba wa watoto siyo benki. Nliuza mashine ya laminesheni 110,000 kwa mtu wa Masasi ambaye alijua nina shida na akanikandamiza vizuri tu, na mke wangu akachukua 45,000 kwenye kikoba chao, hiyo nlirudisha kwa kunung'unikiwa mpaka Septemba. Watoto tulishawapeleka hospitali, siku hizi ndo hivyo, ngariba wanapumzika, ila kuingia kumbini, mafunzo na ngoma ya kutoka vilifanyika kwa mjomba kama inavyotakiwa. Mbuzi walikuwa wapungue kutoka wawili mpaka mmoja lakini mama mdogo alikataa, akasema watu wa upande wa baba watasema nini. Siku ya kutoka wale vijana wamevalishwa mashati mapya wamekaa mkekani wanatazama chini, ngoma inalia, na mie mfukoni simu ikalia meseji ya benki, ada ya mwezi, 11,800. Angalau safari hii nliiona.

Barua ilijibiwa Agosti. Faini moja ya hundi wamerudisha, ile ya pili, kwa sababu ambayo hawakuieleza na mie sikuiuliza, 47,200, iliyobaki ni halali kwa mujibu wa masharti. Siku hiyo hiyo nkatoa kilichokuwemo nkafunga karenti, kitabu cha hundi kilichobaki wakakikata kwa mkasi mbele yangu.

Nlimpelekea mjomba ile 47,200 taslimu, nkamwambia weka mwenyewe, unywe chai. Hakuipokea kwanza. Akaleta daftari, akatafuta ukurasa kwa kidole, akanipa peni, nikatoa. Imebaki 107,550. Mwaka jana nlikwenda kuzika nikaliona lile daftari bado lipo juu ya kabati, nikafungua kwa siri. Kaongeza kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli, pembeni ya neno Benki: bado hajaleta.