Zamu ya Mashine

Kompyuta unayopambana nayo katika Famicom Wars, gemu ya zamani ya vita ya Kijapani, hufikiri taratibu kuliko mzee yeyote wa bao niliyewahi kumwona barazani kwetu Tanga. Ukimaliza zamu yako, inaanza kusogeza vikosi vyake kimoja kimoja, na vikiwa vingi unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inahangaika. Vijana wa gemu za siku hizi nikiwaambia hudhani natia chumvi.

Niliicheza mara ya kwanza Januari 2009, nikiwa mwanafunzi Osaka. Bweni lilikuwa tupu kwa sikukuu za Mwaka Mpya, na fundi wa maabara yetu, kaka mmoja mkimya aliyenizidi miaka michache, akanikaribisha nyumbani kwa mama yake Nara. Maabara tulikuwa tunasalimiana tu. Siku ya kwanza tulikaa kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na blanketi juu, tukala mochi, vitumbua vya mchele uliopondwa, tukatazama televisheni, tukaishiwa maneno. Kijapani changu kilikuwa cha hali ya hewa na cha kununua mboga.

Ndipo akapanda ghorofani, akashuka na boksi la biskuti. Ndani mlikuwa na Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, nyeupe na nyekundu iliyokoza, pedi zake zimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, ya pili ina kipaza sauti kidogo. Akachomeka kaseti.

Nintendo waliitoa gemu hiyo tarehe 12 Agosti 1988, ikiwa imetengenezwa na Intelligent Systems, na iliuzwa Japani peke yake. Nchi nyingine zilikuja kuonja mjukuu wake, Advance Wars, mwaka 2001. Kuna nchi mbili, Red Star na Blue Moon, na ramani ya miraba. Unasogeza jeshi lako lote, kisha unampisha adui asogeze lake. Uzuri wake uko kwenye fedha: zinatoka mijini, na mji hautekwi na kifaru wala ndege, unatekwa na askari wa miguu. Mimi nilitaka kununua ndege za mabomu. Mwenyeji wangu alisonya kwa ustaarabu, akaagiza askari wa miguu, na baadaye kidogo wengine tena.

Tulicheza upande mmoja, Red Star, tukipokezana pedi. Akakumbuka tangazo la gemu hiyo kwenye televisheni, askari wanakimbia kwa mistari huku wakiitikiana kwamba Famicom Wars inatoka, na kwamba mama zetu wasiambiwe. Akaliimba. Mama yake akajibu kitu kutoka jikoni, sikukielewa, wakacheka wote wawili.

Zamu za kwanza za mashine tulizitazama kimya. Katikati ya mchezo, ramani ilipojaa, kimya kikashindikana. Akaniuliza kama kwetu kuna theluji. Nikamweleza mlima. Zamu iliyofuata akanisimulia alivyoinunua kaseti ile kwa fedha za bahasha ambazo watoto hupewa Mwaka Mpya, mwanzoni mwa 1989. Alikuwa na miaka 13. Tarehe 7 Januari mfalme Hirohito akafariki. Vituo vya televisheni viliacha vipindi vyao na matangazo ya biashara kwa siku mbili, watu wakajazana kwenye maduka ya kukodisha video. Nyumbani televisheni ilikuwa moja, na babu yake alitaka kuona habari za msiba.

Babu huyo alikuwa amepigana China.

"Alikaa hapo ulipokaa wewe," akaniambia. "Nilimwomba anipe nafasi nimalize zamu tu."

Mzee akamkubalia, akakaa kusubiri, na zamu ya mashine ikaanza. Akaitazama yote, tangu kikosi cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha akauliza: "Hawa wanakula nini?" Mtoto akamwonyesha lori la ugavi. Linabeba mafuta na risasi, akaeleza. "Na chakula?" Hakuna. Mzee hakuuliza tena, akabadilisha stesheni.

Mashine ilikuwa bado inasogeza. Nilijiuliza kama ni adabu kulisema nililotaka kulisema, mgeni ndani ya nyumba ya watu. Nikalisema, kwa Kijapani kibovu. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Waingereza walimpeleka Burma kupigana na Wajapani, na mwaka 1944 alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko. Barabara zilikuwa tope, kwa hiyo chakula kilidondoshwa na ndege. Babu alipenda kutusimulia magunia yaliyokuwa yakipotelea msituni, na jinsi walivyoyatafuta kwa bidii kuliko walivyomtafuta adui.

Fundi alinisikiliza huku macho yako kwenye skrini.

"Chakula gani?"

"Biskuti. Nyama ya kopo."

"Nyama," akasema, kama mtu anayeandika hesabu. Akaniuliza jina la lile bonde, nikalirudia. Zamu yetu ikafika, akanipa pedi.

Betri ya kaseti inayotunza mchezo ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo usiku hatukuzima. Tuliiacha mashine inawaka, na kwenye plagi akabandika karatasi ya kumsihi mama yake asichomoe akitaka kufagia kwa mashine ya umeme. Kulipokucha tuliendelea hadi adhuhuri. Askari mmoja wa miguu wa Blue Moon akaingia makao yetu makuu, akaanza kuyateka, na vifaru vyetu vyote viko mbali kaskazini, havimfikii. Fundi alicheka hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini.