Jina langu liko wapi?

Mwaka 2009 nilikuwa na meza yangu Birere, hapa Goma. Kompyuta moja ya mkono wa pili, spika mbili, na kibao nilichoandika mwenyewe TUNATIA MUZIKI. Kazi ilikuwa rahisi tu, unaleta kadi ya memori ya simu, ile ndogo kama ukucha, mimi naijaza. Wimbo mmoja franga 50, ukitaka kadi nzima tunapatana. Nyimbo za ng'ambo nilikuwa navuta usiku siberi, pale pa kulipia intaneti, kwa LimeWire, programu ya watu kupeana nyimbo kwa intaneti, wimbo wa MB 4 unaweza kukaa nusu saa, ukifika asilimia 97 network inakata unaanza upya, we acha tu. Za hapa nyumbani zilikuwa zinajileta zenyewe, bulutuzi simu kwa simu.

Asubuhi moja akaja yaya mmoja (ndivyo tunamwita mkubwa wetu), mwimbaji wa hapa hapa mjini, jina lake naliacha. Kabeba boksi la CD, bado ziko na nailoni, picha yake juu na suti nyeupe, anauza dola 2. Na kwa spika zangu wimbo wake ndo unalia! Sikufanya makusudi jamani, wiki ile watu walikuwa wanauomba sana.

Nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha, mudogo. Hii umetoa wapi?"

"Kwa motari moja wa pikipiki, yaya."

"Na yeye?"

Nikanyamaza. Akainama kwa skrini, anatafuta kwa macho. Faili ilikuwa imeandikwa "track03 mupya". Mimi nangoja kofi, au aite polisi, yeye akauliza tu, "Sasa jina langu liko wapi?"

Nikaliandika, ananitajia herufi moja moja na kidole juu ya kioo, mpaka akaridhika.

Mambo ya Napster, programu iliyotangulia LimeWire kwa kazi ile ile, nilikuja kuyasoma nyuma sana. Ilianza 1999, kampuni za muziki zikaishtaki, bendi ya Metallica nao wakaenda kortini, 2001 ikafungwa, kwa sababu nyimbo zilikuwa kwa kompyuta za watu lakini orodha ya nani ana nini ilikuwa kwa seva zao, ukizima seva umezima soko lote. LimeWire haikuwa na orodha ya katikati hivyo, ikasumbua mpaka korti ya Marekani ikaisimamisha Oktoba 2010. Sasa Birere ungezima nini? Kila motari alikuwa na duka mfukoni. Na yule yaya hakuwa na wakili, alikuwa na boksi.

Aibu ikanishika nikanunua moja, dola 2 nzima, kazi ya siku karibu yote. Usiku nataka kuisikiliza, kumbe ile sehemu ya CD ya kompyuta ilikuwa haifunguki tena, vumbi la hapa kwetu unalijua. Nikasukuma na kisu, wapi. Mpaka leo ninayo, na nailoni yake. Wimbo nasikilizaka ule wa motari.