Ngazi za Kushuka Mtoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Mwanzo 4:9. “BWANA akamwambia Kaini, Yuko wapi Habili ndugu yako? Akasema, Sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?”

Mstari huu tumeujua tangu shule ya Jumapili, na nadhani ndiyo maana hautuchomi tena. Mimi umenirudia kupitia mlango ambao sikuutegemea: sinema ya majambazi. Naam, mzee wa kanisa nimekaa usiku naangalia picha ya majambazi, ya mwaka 1948, haina rangi, wanaume wote kofia na makoti. Inaitwa Force of Evil, na aliyeiongoza ni Abraham Polonsky. Haifiki hata saa moja na nusu. Anayetaka risasi mwanzo mwisho atasinzia, maana watu wa humu kazi yao ni kuongea, na katika kuongea kwao kila mmoja anajitetea.

Kisa kiko New York. Joe Morse, anayeigizwa na John Garfield, ni wakili kijana mwenye ofisi Wall Street, mtaa wa mabenki makubwa, ghorofa za juu kabisa. Mteja wake mkubwa ni Tucker, bosi wa genge. Biashara yao ni bahati nasibu ya mitaani: unachagua namba ya tarakimu tatu, unaweka senti zako, na namba ya siku inatolewa kwenye hesabu ya pesa zilizochezwa katika mbio za farasi. Wachezaji ni watu wa kipato cha chini. Kila mtaa una “benki” zake ndogondogo zinazokusanya senti hizo, na mojawapo ni ya Leo, kaka yake Joe.

Sasa sikilizeni mpango. Tarehe 4 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, na watu wengi siku hiyo hupenda kucheza 776, kwa kuukumbuka mwaka 1776. Tucker na Joe wanapanga namba hiyo itoke kweli. Washindi watakuwa wengi kiasi kwamba benki ndogo zitashindwa kulipa na kufilisika zote kwa mpigo, kisha Tucker atatokea na pesa zake, kama mwokozi, na kuzimeza. (Vijana wangu wa mikeka, rudieni aya hii kabla ya mechi za Jumamosi.)

Joe hamchukii kaka yake. Hapo ndipo picha hii iliponikamata. Leo ndiye aliyejibana miaka yote ili mdogo wake asome, na Joe analijua deni hilo. Kwa hiyo anakwenda kumwonya: ingia kwetu mapema, utakuwa tajiri. Leo anakataa, anafoka, moyo wake wenyewe mgonjwa. Joe akiona kaka hasikii, anapiga simu kwa siri na kumwitia polisi, ili kijiwe chake kifungwe kabla ya siku ya hasara. Wafanyakazi wa Leo wanabebwa kama wahalifu wakubwa, akiwemo binti mmoja ambaye Leo anamchukulia kama mwanawe. Na karani wa hesabu, mwoga wa kuzaliwa, anachanganyikiwa kabisa kwa hofu.

Kumwitia ndugu yako polisi kwa sababu unampenda! Ukimuuliza Joe, atakutajia orodha ndefu ya mambo aliyomfanyia kaka yake. Na orodha hiyo ni ya kweli.

Leo naye tusimvike kilemba cha utakatifu. Muda mrefu anajiona msafi kwa sababu ni mdogo. Hao wa Tucker ndio majambazi, yeye ni mfanyabiashara tu, anawalipa wateja wake, anawajua kwa majina. Halafu inakuja sehemu moja anapomgeukia mkewe, ambaye anamkumbusha kwamba zamani alikuwa na kazi za heshima, alikuwa na gereji. Leo analipuka. Gereji! Kila galoni ya petroli ilikuwa na senti tatu za ziada juu yake: senti mbili za dereva, moja yake. Mwizi mmoja senti mbili, mwizi mwingine senti moja. Thomas Gomez, anayemwigiza Leo, anaisema sehemu hiyo huku jasho linamtoka, mtu mnene aliyechoka, na nilisimamisha picha hapo nikaenda kunywa maji. Ni nani kati yetu hana senti yake moja juu ya galoni? Risiti iliyoandikwa zaidi kidogo, mzani ulioegeshwa kidole, hizo ndizo senti zenyewe. Kwa Kaini, kabla hajamgusa ndugu yake, BWANA anasema dhambi “inakuotea mlangoni.” Mnyama anayeotea hujikunja awe mdogo.

Yanayofuata nayapitia haraka. Karani yule anabanwa na genge lingine, anamsaliti Leo, wanamteka Leo mgahawani, na karani mwenyewe anapigwa risasi. Leo hafiki asubuhi. Joe anazipata habari hizo usiku, nyumbani kwa Tucker, akiwa na wanaume waliosababisha. Simu ya Tucker inasikilizwa na watu wa sheria, na Joe anaijua siri hiyo. Anauinua mkono wa simu kimyakimya na kuwaacha wajitaje wenyewe. Taa zinazimika, bunduki zinalia gizani, anabaki yeye peke yake.

Kumekucha. Joe anakwenda kumtafuta Leo. Ameambiwa mwili umeachwa kando ya mto, chini ya daraja la George Washington. Anashuka ngazi za mawe. Anashuka, unadhani amefika, kumbe kuna ngazi nyingine. Daraja kubwa juu yake, yeye mdogo kama sisimizi, na sauti yake inatusimulia kwamba aliendelea tu kushuka, kana kwamba kaka yake yuko kwenye sakafu ya dunia. Polonsky alimwonyesha mpigapicha wake, George Barnes, michoro ya Edward Hopper, mchoraji wa Marekani, ili aielewe aina ya mwanga anaoutaka, na mwanga wa asubuhi ile ni huo: mweupe, mkavu, haumfichi mtu. Kule chini, kwenye miamba, yuko Leo, ametupwa kama tambara bovu.

Polonsky hakuwa mhubiri. Alikuwa mkomunisti, na mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake. Akafungiwa milango ya kazi. Filamu yake ya pili kama mwongozaji ilitoka 1969. Sisemi alikuwa sahihi katika siasa zake. Nasema tu kwamba aliyepiga picha ya mtu akishuka kumtafuta ndugu yake alikuja kuulizwa kuhusu ndugu zake mwenyewe, na jibu lake lilimgharimu.

Nikarudi kwenye Mwanzo 4, nikaona kitu ambacho miaka yote nilikiruka. Baada ya mauaji, Mungu anamuuliza Kaini maswali mawili. “Umefanya nini?” ni la pili, liko mstari wa 10. La kwanza ni “Yuko wapi?” Joe angelijibu lile la pili kwa hoja za kiwakili mpaka jua lizame. La kwanza hakuwa na jibu lake, mpaka aliposhuka zile ngazi.

Na mimi nina kaka. Nilipochaguliwa kidato cha tano, aliuza baiskeli aliyokuwa akibebea mkaa, akaenda kazini kwa miguu mwaka mzima. Siku hizi namtumia pesa kila mwisho wa mwezi, na ya kutolea naweka. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia, natulia, nimemaliza. Baada ya ile picha nilimpigia, saa mbili usiku, nikamwambia nataka nije Jumamosi, kwenye kile chumba chake karibu na kisima.

Akacheka. Kile chumba alihama tangu kabla ya Pasaka.

Akaanza kunielekeza. Unashuka kituo cha mwisho, unaulizia muuza chipsi, unateremka na mfereji mpaka chini kabisa, mlango wa bati la bluu. Nikatafuta kalamu. Akanisubiri, halafu akauliza, “Umeshakula lakini?”