Chini ya mianzi ya baba
Baba aliipanda mianzi hii kwenye bonde letu kule Vihiga ili mto usizidi kumega shamba. Kila kiangazi alikuwa anaingia na panga, anakata iliyokomaa, ya miaka mitatu minne, anawauzia mafundi wa ngazi. Katikati ya vichaka mama alichuma mrenda na saga, mboga ambazo hakuna aliyezipanda.

Baba alipofariki, panga lilibaki limening'inia jikoni. Mimi nilikuwa Nakuru, nikijidanganya kwamba kuacha msitu ni kuutunza.

Nilirudi mwaka jana. Saa saba mchana, giza! Mianzi mikavu imesimama pamoja na mibichi, imebanana hata paka hapenyi. Majani makavu yananifika kwenye vifundo. Majani ya mwanzi yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, hayaozi upesi, na mbegu ikiangukia juu yake mzizi haufiki kwenye udongo. Nilipata kangaga chache tu na mche mmoja wa mpera, mwembamba, umejipinda kutafuta jua. Lantana, gugu vamizi, ilikuwa imesimama pembeni kwenye mwanga, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Huko Japani hali ni mbaya zaidi. Mwanzi wao wa moso, uliotoka China, hutambaa chini ya ardhi. Plastiki ilipochukua nafasi ya vikapu, na machipukizi ya kula yakaanza kuagizwa kutoka nje, mashamba mengi yaliachwa, mwanzi ukavamia misitu ya jirani na kuifunika mimea ya chini. Huu wetu hukua kwa kichaka, hauhami. Unajisonga wenyewe.

Januari nilikata mikavu yote na kufyeka nafasi katikati. Mikono yangu bado ina alama, maana mwanzi mkavu ukipasuka ni wembe. Mvua za Machi zilileta kishona nguo kwanza, kila mahali, nikajuta. Kisha mchicha. Mwezi wa tano nikaona mrenda, mashina kumi na moja. Mbegu zake zina ganda gumu, ndiyo maana watu huzimwagia maji moto kabla ya kupanda. Nadhani zilikuwa zimelala pale tangu enzi za baba.

Mama alishuka na kikapu chake, akainama, akazunguka.

"Na saga iko wapi?"

"Bado, mama. Labda mvua zijazo."

"Mvua haina kosa. Baba yako alikuwa akifunga ng'ombe hapa jioni. Saga inataka samadi. Wewe umeleta panga tu."