Unamwonyesha nani?

"Hivi dada, unamwonyesha nani?"

Kaisema Jumamosi, na mpaka leo inanizunguka kichwani kama nzi kwenye kikombe cha chai.

Mdogo wangu wa Tabata, mnamjua, yule wa viatu. Alikuja na treni kwa ajili ya kikao cha mahari ya mpwa wetu (kimeisha salama, mahari imekubaliwa, tarehe bado), akasema kwa kuwa yupo Dodoma basi nimpeleke akauone huo "mradi" wangu, shamba la zabibu. Nikampeleka Hombolo. Nikamwonyesha nguzo, nikamwonyesha waya, mashimo, samadi, na miche yenyewe, ambayo nakiri mwezi huu wa nane haina sura ya kumvutia mgeni. Upepo unapiga, vumbi limempanda mpaka magotini. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akauliza. Tena hakuuliza kwa shari. Angekuja kwa shari ningemjibu palepale, tumekulia nyumba moja, majibu yake ninayo. Aliuliza taratibu, kwa sauti ya kunihurumia.

Na mimi nikamjibu nini? "Angalia huo waya usikukwaruze."

Basi. Mhasibu wa serikali, miaka 53, bado miwili tu niruhusiwe kustaafu kwa hiari, naulizwa swali zito namna ile najibu habari za waya.

Tangu hapo namjibu upya kila mahali. Kwenye basi la wafanyakazi kwenda Mtumba nimemjibu vizuri sana. Juzi tukitambulishwa kwa mkurugenzi mpya (ndiyo, yule wetu kahamishwa, stori yake siku nyingine) nilikuwa nampigia makofi mkurugenzi huku namjibu mdogo wangu. Unamwonyesha nani? Simwonyeshi mtu. Unamwonyesha nani? Wewe je, hivyo viatu shambani unamwonyesha nani? Hilo ndilo zuri kuliko yote, limekuja Jumatatu usiku.

Lawama nyingine naipeleka kwa kile kitabu kinene alichoniachia binti yangu, Don Quixote cha Miguel de Cervantes. Nilikianza kwa kukosa umeme, sasa sikiachi. Mzee wa watu anakaribia miaka 50, anaishi na mpwa wake na mtumishi huko La Mancha, nchi kavu ya Hispania yenye upepo na mizabibu, kwa hiyo mimi nilijiona mwenyeji mapema. Kauza mashamba ili anunue vitabu vya mashujaa wa farasi. Mimi nimekopa ili ninunue shamba. Mwenye kichaa hapo mtamchagua wenyewe. Vitabu vinamvuruga, anavaa deraya ya kutu ya mababu zake, anampanda farasi wake mkondefu na kutoka kwenda kunyoosha dunia.

Watu wengi wanachokijua ni vile vinu vya upepo alivyodhani ni majitu. Mimi nilikwama kabla ya hapo, sura ya tano. Safari ya kwanza tu, kapigwa mpaka hawezi kuinuka. Jirani yake, mkulima aliyetoka kupeleka ngano kinuni, anamkuta chini, anamfuta uso, anampandisha kwenye punda. Mzee bado anaropoka majina ya mashujaa wa zamani. Jirani anamsihi: bwana, wewe si hao, wewe ni fulani wetu tunayekujua. Naye anajibu: najua mimi ni nani.

Yaani kapigwa, kabebwa juu ya punda, na jibu analo! Mimi nimesimama kwa miguu yangu, kwenye ardhi yangu, nazungumzia waya.

Mwandishi mwenyewe kitabu kilipotoka mwaka 1605 alikuwa na miaka 57. Mkono wa kushoto ulishalemaa vitani Lepanto mwaka 1571, akakaa mateka Algiers miaka 5, akaja kuwa mkusanya kodi, na mwaka 1597 akafungwa Sevilla kwa sababu hesabu hazikulingana. Fedha kaziweka kwa mwenye benki, mwenye benki akafilisika. Wahasibu wenzangu mmesikia hapo. Nilimwandikia mdogo wangu habari hiyo yote WhatsApp, nikaifuta.

Jana sasa, wifi kapiga. Kumbe anaulizia sare za sherehe, tukabishana kitenge weee, halafu katikati ya maneno: "Na hongera wifi, mume wangu kamwambia mama shamba limestawi, mwakani tunaletewa zabibu."

Limestawi!

Nikacheka mpaka simu ikanitoka. Kisha nikamkumbuka yule jirani na punda wake. Walipokaribia kijijini jua lilikuwa linazama, naye akasubiri kwanza giza liongezeke, ili watu wasimwone bwana yule katika hali ile. Ndicho alichonifanyia mdogo wangu kwa mama. Na nikikumbuka vizuri, baada ya lile swali alibeba ndoo mbili za samadi mpaka mwisho wa mstari, hakuna aliyemtuma, na vile viatu miguuni. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa wiki nzima, nimeshikilia swali tu.

Kwa hiyo nimeacha kumjibu. Hasira haijaisha yote, sikuomba kusubiriwa giza. Ila leo nilipompigia tumeongea habari za bei ya nguzo, akasema kuna fundi anamjua Chalinze. Na mama naye sasa anasubiri zabibu, sijui nitamweleza nini mwakani.

Kikohozi cha baba watoto hakijaisha. Anasema ni vumbi. Vumbi hili tunalo tangu tuhamie mwaka 2017 na hakuwahi kukohoa usiku. Nimemwambia kesho hospitali, kanijibu ana kikao asubuhi. Kadi yake ya bima naitafuta tangu jioni, droo zote nimezimwaga, siioni.